Sola na Wanyamapori kutoka Nakuru hadi Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikiwa wenye mashamba, shule, vikundi vya maji, mafundi wa sola na wanakijiji walioletewa ripoti ya mradi wasijue waanzie ukurasa gani. Mengi yanahusu mahali pa kujenga na njia ya kupitisha nyaya, kwa kuwa hapo ndipo wanyama wengi hupotea. Paneli yenyewe mara nyingi haina hatia.

Je, paneli za sola huua ndege?

Mara chache. Watu huzichanganya na mitambo ya vioo inayoelekeza miale yote kwenye mnara mmoja, kama ule wa Ivanpah kule California, ambayo kweli imewahi kuunguza ndege angani. Zinazofungwa huku kwetu ni paneli bapa: hupokea mwanga na kuugeuza stima, basi. Madhara hutoka kwenye vitu vitatu vinavyoandamana nazo: ardhi iliyofyekwa, waya unaopeleka umeme kwenye gridi, na uzio.

Ni kweli ndege wa majini hudhani shamba la sola ni ziwa?

Kwa ndege bado wataalamu wanajadiliana. Katika majangwa ya California wameokotwa ndege wa majini waliokufa ndani ya mashamba ya sola, mbali na maji yoyote, na dhana iliyopo ni kwamba walijaribu kutua. Kwa wadudu hakuna ubishi. Kioo cheusi huakisi mwanga kwa namna ileile ya uso wa maji, na wadudu wanaotaga majini hushuka juu yake, wakataga, mayai yakakauka. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba mistari myeupe inayoigawa paneli vipande vipande hupunguza sana mvuto huo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Heroe wadogo huhama kati ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita wakifuata chakula, na safari zao nyingi ni za usiku. Mwari weupe hutaga Elmenteita na kwenda kuvua kwingine. Mpaka ubishi uishe, busara ni kutoweka shamba kubwa la paneli kwenye njia hizo za anga, na likiwekwa karibu na maji, paneli zenye fremu na mistari myeupe zipewe nafasi kabla ya zile nyeusi tupu. Zile nyeusi tupu hupendeza kwenye picha za matangazo. Zaidi ya hapo hazina faida ya maana.

Megawati moja inahitaji ardhi kiasi gani?

Chukua mfano wa Garissa: mtambo wa megawati 50 uliokaa kwenye hekta 85, yaani hekta 1.7 au ekari nne na kidogo kwa kila megawati. Ukipigiwa hesabu ya ekari kumi kwa megawati moja, uliza zilizobaki ni za nini.

Juu ya paa hesabu ni nyingine. Paneli ya wati 550 ina ukubwa wa takriban mita za mraba 2.6. Megawati moja ni paneli 1,820 hivi, karibu mita za mraba 4,700 za kioo. Ongeza njia za fundi kupita na inafika 6,000. Maghala ya nafaka, viwanda vya sukari, nyumba za kufungia maua Naivasha na masoko ya kaunti yana mabati ya kutosha, na juu ya bati hakuna kiota cha korongo. Kanuni za mwaka 2024 za kubadilishana umeme na gridi zinamruhusu mteja kufunga hadi megawati 1. Paa lijae kwanza, ndipo malisho yaguswe.

Ardhi ipi isiguswe kabisa?

Mabwawa ya mafunjo ni rahisi kuyatambua: Dunga, Yala, kingo za Nyando. Kuna ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu, na Yala na Saiwa bado kuna nzohe, swala wa kwenye kinamasi. Hakuna mwekezaji makini anayepeleka paneli kwenye tope. Hatari kubwa iko kwenye nyasi, kwa sababu macho ya mpimaji huona "ardhi tupu".

Nyanda za nyasi za Mau Narok na Molo si tupu. Humo anaishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani na aliye hatarini kutoweka. Hutaga chini, kwenye mashungi ya nyasi. Ukilima, ukipanda miti au ukisawazisha kwa tingatinga, ameondoka, wala hana kwa kuhamia kwa sababu shamba la jirani lilishalimwa viazi. Hali ni hiyohiyo kwa mabonde yenye majimaji ya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Busia, ambako korongo taji hutaga. Idadi yake imeporomoka kiasi kwamba tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini.

Ziwa Nakuru, Naivasha, Bogoria na Elmenteita yako kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani (1990, 1995, 2001 na 2005), na matatu kati yake, bila Naivasha, ni Urithi wa Dunia tangu 2011. Kuna sababu nyingine ya kukaa mbali na fuo hizi, nayo ni ya mfukoni: maji yamepanda. Lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilizamishwa na ziwa, na Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika, iliyofungwa nusu mita juu ya alama ya maji ya mwaka wa ukame ni inveta ya kulaza majini.

Pa kupendelea: machimbo ya mawe na changarawe yaliyoachwa, kandokando ya vituo vya umeme vilivyopo, mashamba yaliyochoka, paa, maegesho ya magari.

Mbona mnasisitiza nyaya kuliko paneli?

Kwa sababu shamba la paneli lina mipaka lakini waya hutembea kilomita kadhaa, ukivuka mto, bonde na njia za ndege. Huua kwa namna mbili, na dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza ni kupigwa shoti juu ya nguzo. Ndege akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, au waya na chuma kilichoungwa ardhini, amekwisha. Korongo taji na tai mla samaki wana mabawa ya karibu mita mbili yakitandazwa, na korongo taji, tofauti na korongo wengi duniani, hupenda kutua juu ya miti, hivyo hata nguzo kwake ni mti. Nguzo mbaya zaidi ni ile yenye transfoma, swichi au kona, kwa kuwa ina vipande vifupi vya waya vinavyopita juu na chini ya mkono wa chuma unaobeba nyaya. Tiba: nafasi ya angalau mita 1.5 kati ya waya na waya, na kati ya waya na chuma. Vipande vifupi vivikwe mpira wa kuzuia umeme. Vikombe vinavyoshikilia waya vining'inie chini ya mkono badala ya kusimama juu yake. Mpira huo uwe wa kuhimili jua. Wa bei rahisi hupasuka baada ya misimu michache, na ndege hurudi kufa pale pale huku ripoti ikisema nguzo "imeshatibiwa".

Ya pili ni kugonga waya angani. Ndege wakubwa wakiruka hutazama chini kutafuta chakula na wenzao, na mbele yao kuna eneo wasiloliona. Heroe huruka gizani. Anayeuona waya mnene dakika ya mwisho hupanda juu, akagonga ule mwembamba wa kukinga radi. Hapa hufungwa viashiria: sahani zinazozunguka au koili za rangi, kila mita 5 hadi 10, mfululizo wa nyeusi na nyeupe ili vionekane kwenye mawingu na kwenye jua. Kwa wanaoruka usiku viwe vya kung'aa.

Lakini viashiria si hirizi. Utafiti wa miaka kadhaa kwenye Karoo, Afrika Kusini, ulikuta vimepunguza vifo vya korongo buluu kwa takriban asilimia 92, huku tandawala, ndege wakubwa wa nyikani, wakiendelea kufa kama kawaida. Maana yake: pitisha njia vizuri kwanza, viashiria baadaye. Waya ufuate barabara au laini iliyopo, usikatize kati ya mahali korongo wanapolala na wanapokula, na kwenye kipande kibaya uzikwe. Kuzika ni ghali kwa kila mita, lakini mara nyingi kipande chenyewe ni mita mia chache tu za bonde.

Uzio wa kuzunguka shamba la sola uweje?

Acha mwanya wa sentimita 15 hadi 20 chini, ili kobe, sungura, kicheche na vifaranga wa kanga wapite. Mwizi wa paneli hapiti hapo. Akija, huja na kikata waya. Waya wa miiba usiwekwe juu kabisa, maana bundi na popo hunaswa usiku. Kama bima inaulazimisha, funga vibati vyeupe kila baada ya mita moja ili uonekane. Eneo likizidi ekari mia hivi, ligawe vipande viwili vyenye njia katikati kufuata mkondo wa maji au mstari wa miti uliokuwapo. Paa na pundamilia hawasomi ramani ya mradi. Watafuata njia ya mama zao hadi wagonge wavu.

Nina uzio wa umeme unaotumia sola. Unadhuru wanyama wadogo?

Waya wa chini kabisa ndio wenye kesi. Ng'ombe akipigwa huruka nyuma. Kobe hujificha ndani ya gamba na kubaki pale pale akiendelea kupigwa. Kakakuona hujikunja kama mpira, mara nyingine akiwa ameuzungushia mwili waya wenyewe, na hafungui tena. Kwenye msitu wa Nyekweri, Trans Mara, ambako kakakuona mkubwa bado yupo, hilo limekuwa tatizo la kweli, na suluhisho limekuwa kuondoa umeme kwenye waya za chini.

Fanya hivi: waya wa kwanza wenye umeme uwe sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini. Kama unahitaji waya chini ya hapo kuzuia kondoo kutoka, uunge na ardhi, usiupe umeme. Weka swichi ya kutenganisha waya za chini, ili kama kuna sababu ya kuziwasha mchana, zizimwe usiku. Zungukia uzio asubuhi mapema.

Uzio dhaifu ni hatari nyingine, kwa kuwa nyati au kiboko akishazoea kuuvunja, mwenye shamba hutafuta mkuki. Lenga volti 6,000 na zaidi kwa wanyama wakubwa. Ikishuka chini ya 4,000, tafuta kasoro. Sababu, kwa mpangilio wa kawaida: majani yanayogusa waya, udongo uliokauka kwenye chuma cha ardhini (kile kinachounga mashine ya uzio na ardhi), kikombe kilichopasuka, betri iliyochoka. Kupima chuma hicho ni rahisi. Nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, gusisha waya na ardhi kwa fito za chuma hadi volti zishuke chini ya 2,000, kisha rudi upime chuma cha ardhini. Kikisoma zaidi ya volti 300, ongeza vyuma: angalau vitatu, vya mita 1.5 hadi 2, vikiachana mita 3.

Hesabu ya sola yake: mashine inayokula ampea 0.5 kwa volti 12 hutumia Ah (ampea-saa) 12 kwa siku. Siku tatu za mawingu ni Ah 36, na betri ya risasi haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji Ah 72. Dukani utachukua 100. Paneli ya wati 80 hadi 100 inatosha. Ya wati 40 itafanya kazi Januari, kisha ikuache Julai ukungu ukishuka Molo.

Nyasi chini ya paneli: tufyeke, tupulize dawa, au tufuge?

Kondoo. Mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo hadi zipinde. Ukingo wa chini wa paneli uwe sentimita 80 hadi 100 kutoka ardhini, na nyaya zote zipite kwenye mabomba. Wakati wa mvua, ndege wa nyasi wanapotaga, acha vipande bila kulishwa wala kufyekwa. Ukifyeka, usishuke chini ya sentimita 15. Dawa ya kuua magugu huacha udongo mtupu, mvua kubwa ya Aprili ikachimba mifereji chini ya nguzo, ukaishia kununua zege ambalo nyasi zingekuokoa nalo.

Wakati wa ujenzi usikwangue udongo wa juu. Nguzo za kupigiliwa huharibu kidogo kuliko misingi ya zege. Na malori ya changarawe yaoshwe kabla ya kuingia: gugu karoti limeenea Nakuru na Kisumu kwa namna hiyo hiyo, na kondoo hawalipendi.

Kilimo cha mboga chini ya paneli kinawezekana. Jaribio la Isinya, Kajiado, liliinua paneli mita 3 juu ya mimea. Gharama ya vyuma hupanda, kwa hiyo hufaa zaidi ardhi ikiwa finyu kuliko pesa.

Kongoti na kwarara wananyea paneli zetu hapa Kisumu. Tufanyeje bila kuwaua?

Tone moja la kinyesi si uchafu tu. Paneli ya kawaida ina njia tatu za umeme ndani yake, na seli moja ikifunikwa kabisa, theluthi nzima inaweza kuzimwa. Seli yenyewe hupata joto na hatimaye kuungua. Osha alfajiri kwa maji na brashi laini. Maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana huweza kukipasua, na sufi ya chuma hukikwaruza milele.

Kisha waondolee kiti. Kongoti hutua kwenye ukingo wa juu wa safu: vuta waya mwembamba sentimita 10 juu ya ukingo huo, atashindwa kusimama. Usipande mgunga wala usiache jaa la taka karibu, kwani jaa ndilo lililomleta. Kwa njiwa na shomoro wanaojenga chini ya paneli za paa, zungusha wavu wa matundu ya milimita 25, lakini baada tu ya kuhakikisha hakuna makinda wala popo ndani, na uache nafasi ya hewa. Sumu ni kosa kisheria na huua tai anayekula mzoga.

Pampu ya sola ina ubaya gani? Si haina moshi?

Haina moshi, na haina bili ya dizeli. Ndiyo shida. Mwenye jenereta huzima maji yakitosha kwa sababu petroli inauma. Pampu ya sola huvuta kutwa nzima hata tangi likimwagika. Mto Njoro, unaolisha Ziwa Nakuru, hauhitaji pampu nyingi za hivyo Februari ili ukauke. Funga swichi ya kuelea kwenye tangi, mita ya maji, na uwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chenye kiwango chako cha siku.

Upande wa Nyando na Sondu, mdomo wa bomba ufunikwe na wavu wa milimita 2 hadi 3. Ningu hupanda mito hii kutaga mvua ikianza, na vifaranga wake hufyonzwa kama majani. Wavu uwe mpana, si kofia ndogo, ili mvuto uwe mdogo. Kofia ndogo huziba kwa gugumaji ndani ya wiki, fundi akaivua, na hairudi.

Taa za sola za usalama usiku?

Rangi ya manjano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 au chini, zimulike chini, ziwake kwa kitambuzi cha mwendo. Taa nyeupe kando ya ziwa itakuletea mawingu ya sam, wadudu wadogo wa ziwani, hadi asubuhi, na paneli yake ndogo itafunikwa na mizoga yao.

Paneli zinazoelea ziwani?

Kwenye bwawa la kumwagilia lililotandikwa plastiki, sawa. Hupunguza uvukizi na mwani. Kwenye ghuba ya Winam, hapana kwa sasa: gugumaji husukumwa na upepo kwa uzito wa kung'oa nanga, viboko wapo, na wavuvi tayari wanabanana na vizimba vya samaki.

Tumeletewa ripoti ya tathmini ya mazingira. Tusome nini kwanza?

Ruka utangulizi. Tafuta tarehe za kuhesabu wanyama. Siku mbili za Februari hazitoshi: inatakiwa msimu wa mvua na wa kiangazi, na ndani yake kipindi cha Oktoba hadi Aprili ambapo ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wako nchini. Je, walihesabu alfajiri na jioni, korongo wanapotoka na kurudi kulala? Walifika usiku kwa ajili ya popo? Kisha angalia kama njia ya waya imo kwenye ripoti. Hila ya kawaida ni kutathmini shamba la paneli peke yake na kuuita waya "mradi tofauti". Linganisha orodha yao na Kenya Bird Map, ambako kila mraba wa kilomita tisa kwa tisa hivi una orodha ya ndege walioonekana. Korongo taji akiwa kwenye ramani na hayupo kwenye ripoti, andika swali hilo.

Maoni yapelekwe NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Kelele za barazani hazihesabiki zisipoandikwa. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) hukatwa ndani ya siku 60.

Dai pia mpango wa baada ya ujenzi: mtu wa kutembea chini ya waya kila wiki kwa angalau mwaka mmoja akitafuta mizoga. Fisi na mbwa humaliza mzoga usiku mmoja, kwa hiyo matokeo ya "sifuri" hayana maana mpaka wapime. Huwekwa kuku waliokufa sehemu zinazojulikana, kuona wangapi wanapotea na wangapi mtafutaji anawaona.

Tukikuta ndege mkubwa amekufa chini ya nguzo?

Msimguse, wala msikaribie waya uliolegea. Kaeni mita 10 mbali. Piga picha ya ndege, ya nguzo nzima na ya namba iliyopigwa kwenye nguzo, na uhifadhi eneo kwenye simu. Ripoti kwa KWS (shirika la wanyamapori) na Kenya Power zote mbili. Namba ya nguzo ndiyo inayofanya ripoti ishughulikiwe. "Karibu na kanisa" haitoshi.

Betri na paneli zikifa?

Betri ya risasi ina wanunuzi kila soko. Mwuzie anayeichukua nzima, si anayemwaga asidi mtaroni kwanza ili ipungue uzito. Za lithiamu na paneli zilizovunjika zirudi kwa aliyekuuzia: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamfanya mzalishaji au mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake ikiisha. Kwa shamba kubwa, mkataba wa kukodi ardhi useme nani ataondoa nyaya na nguzo mwaka wa mwisho, kwa pesa iliyowekwa benki tangu mwanzo. Kama kifungu hicho hakimo, usitie sahihi bado.